Kata Iliyozama

Mjomba wangu alikuwa tarishi wa Baraza la Mkoa. Wenzake walimwita Sauti, kwa sababu kila kikao kilipofunguliwa yeye ndiye aliyeita kata. Wajumbe walisimama wote, akaita kata moja baada ya nyingine, na mjumbe wake akajibu, "Tupo." Ya mwisho ilikuwa kata ya bondeni. Hapo hakujibu mtu. Wajumbe walingoja kidogo, ndipo wakaketi.

Hakujibu mtu kwa sababu kata yenyewe iko chini ya maji. Nilipokuwa mdogo, wilaya zetu ziligombea mto hadi watu wakauana. Baraza likaundwa ili lipatanishe, lipime mipaka, ligawe maji. Azimio lake la kwanza likawa bwawa, na bwawa likameza bonde letu lote, pamoja na kaburi la bibi, mama yake mjomba. Wakubwa wakipatana, wadogo ndio huhama. Tuliohamishwa tuliomba jambo moja tu, kata yetu iendelee kuitwa, na waasisi wakakubali.

"Nisipomwita mama mimi, ataitwa na nani?" mjomba aliniambia siku moja, akipiga pasi shati la kazi.

"Mjomba nawe. Maji yana masikio?"

Nilikuwa namtania. Hakucheka.

Kisha akaja mwenyekiti mpya, mtu wa haraka zake. "Mzee, hapa hatuiti samaki," alimwambia. "Leo ishia kata ya mlimani."

"Sawa, mheshimiwa."

Ile "sawa" iliniuma. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye benchi la wananchi, na nilitamani nimvute mwenyekiti tai.

Kata ya mlimani ikaitwa, ikajibu. Mjomba akafunga mdomo. Mwenyekiti akaketi, peke yake. Wajumbe walibaki wima, miguu yao imezoea kungoja, wakawa wanatazamana kama wageni wasiokaribishwa. Feni ilizunguka. Mjomba alikuwa ameng'ata midomo, machozi yanamtiririka.

"Tupo," ikasema sauti.

Wajumbe wakaketi wote.

Mwenyekiti akamgeukia mjomba. "Mzee, nilikuambia nini?"

"Sijasema kitu, mheshimiwa."

Ni kweli. Macho yangu hayakubanduka mdomoni pake. Na sauti ile naijua. Ndiyo iliyokuwa ikiniita nije kula, jikoni kwa bibi, kule bondeni, kabla ya maji.