Kilio Kisicho na Watu

Filamu ile ilitangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Tuliambiwa imepata tuzo huko ng'ambo, na kwamba mwalimu mmoja wa sekondari ameileta kutoka Goma pamoja na mashine ya kuionyeshea, ili na sisi watu wa Nyabiondo tuone sanaa. Mtangazaji alilitamka neno sanaa mara tatu, kila mara akipunguza sauti, kama mtu anayetaja jina la mgonjwa. Mimi sikuwa na haja na sanaa. Mke wangu alikuwa na wiki ya saba ardhini, na haja yangu ilikuwa moja tu: dada yake mkubwa aondoke kwangu.

Kwetu mtu akifiwa haachwi peke yake. Watu wanaingia bila kupiga hodi na kukaa. Hawalazimiki kusema kitu. Huyu analeta kuni, yule analeta maji, lakini kukaa ndiyo kazi yenyewe. Majirani walinikalia wiki mbili, kisha wakarudi mashambani, maana maharage hayangoji msiba wa mtu. Shemeji yangu alibaki. Alikuwa amekuja kutoka Ntoto, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na kila asubuhi aliketi uani akimenya mihogo bila neno. Sitaficha: nilimchoka. Nilitaka nyumba iwe tupu, niwe na huzuni yangu peke yangu, kama mwenye mali. Nilikuwa nimeamua kwamba Jumatatu nitamwambia arudi kwao.

Filamu ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa na turubai. Nilikwenda kwa sababu shemeji alitaka kwenda, na nilidhani nikimpa starehe moja nitamfukuza kwa urahisi zaidi.

Tulichoona ni hiki. Mama tajiri amefiwa na mume. Anaishi katika nyumba nyeupe kubwa kuliko parokia yetu na shule yake. Anakula kwenye meza yenye viti ishirini, kumi na tisa vitupu. Anatembea chumba hadi chumba, polepole, kama mtu aliyepoteza ufunguo lakini hautafuti. Anatazama dirishani, nasi tunamtazama akitazama. Bomba linadondosha maji. Tulionyeshwa bomba lile kwa muda ambao mtu angepalilia mstari mzima wa mihogo.

Ukumbi ulikuwa mtulivu, na nitasema kwa nini, maana mwalimu alidhani ni heshima. Tulikuwa tunangoja watu wa kilio wafike.

“Bantu yake bado iko mu njia,” mama mmoja nyuma yangu alinong'ona.

“Pengine mvua ilibakamata,” mwenzake akajibu.

Mara gari likaja. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Akashuka mwanaume mwenye suti, ameshika maua. Akayaweka getini, akarudi garini, akaenda zake.

“Huyu naye,” mama yule akasema, sasa kwa sauti. “Anafika mpaka ku mulango na anarudia? Walimufundisha wapi?”

Watu wakacheka. Kisha mama tajiri akalala sakafuni katikati ya chumba kikubwa, na picha ikawa nyeupe yote. Hakuna aliyesimama. Tulikaa tukitazama ukuta.

“Mwalimu,” mzee mmoja akaita, “tia sasa sehemu ya bantu.”

“Imeisha, Papa.”

“Imeisha namna gani? Hawajafika.”

Hapo ndipo ukumbi ulipogawanyika. Katekista alisema ni nzuri, kila picha ni kama ya kalenda. Mzee akamjibu kwamba kalenda iko na siku, na hii haikuwa na siku hata moja. Vijana waliomaliza shule walikuwa upande wa katekista. Mwalimu akatueleza kwamba nyumba ni moyo wa yule mama, na weupe ni upweke, na kwamba kuielewa kunataka masomo. Mimi nilisoma miaka sita ya msingi. Ilinitosha kujua mtu anapoeleza kitu ili wengine wajione wadogo.

Kisha akanigeukia. “Papa, wewe uko na kilio. Hukujiona ndani yake?”

Wote wakanitazama, shemeji pia. Ningeweza kunyamaza.

“Nilijiona,” nikasema. “Njo maana ilinichukiza.”

Mwalimu akatabasamu, akawaambia wengine, “Munaona?” Alidhani nimeisifu. Nilimdharau kwa tabasamu lile kuliko kwa maelezo yake yote.

Nilichodharau zaidi ni kwamba hakuna aliyemnyima yule mama watu. Geti ni lake. Alilifunga mwenyewe, na waliotengeneza filamu wakalipaka rangi safi, wakaliwekea muziki wa taratibu, wakatutaka tulionee huruma. Kwetu mtu akifanya hivyo mama zake wanamgombeza. Na mimi, mwenye vyumba viwili na bati linalovuja, nilikuwa najijengea geti lile lile, tena bila marumaru. Yule alikuwa na kisingizio cha utajiri. Mimi nilikuwa mjinga tu.

Tulirudi kwa njia ya mashamba, shemeji mbele, mimi nyuma.

“Kesho nirudie Ntoto, shemeji?” akauliza bila kugeuka. “Naona ulinichoka.”

Nilitafuta uongo wa adabu, sikuupata.

“Nilikuchoka, ndiyo.”

“Najua. Mudogo wangu naye alikuchoka miaka mingi. Na alikaa.”

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike, na kilitoka kicheko kibaya, kama kikohozi. Yeye hakucheka. Alisimama, akanigeukia, akangoja. Nikaona kwamba hakuwa ananitania: angefunga mzigo wake usiku uleule kama ningesema neno.

“Usiende,” nikamwambia. “Kaa mpaka tuvune maharage.”

“Na nikikaa, utaongea?”

“Sijui.”

“Hiyo iko jibu la muntu mwenye akili,” akasema, akaendelea kutembea.

Siishukuru filamu ile. Watu bado wanabishana juu yake sokoni, na katekista bado anaitetea. Jioni ile shemeji alipika sombe ya majani ya mihogo, akala upande mmoja wa moto nami upande wa pili. Tulipomaliza, nilimwambia jinsi mdogo wake alivyofariki, tangu homa ya kwanza, kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nianze tena, kuna mahali nimeruka.