Kichwa Huanza Sikioni

Kwa miaka ishirini na minane kinyozi yule alikuwa na kauli moja kwa kila aliyekuja kujifunza kazi kwake: kichwa huanza sikioni, huishia sikioni. Shika sikio la kushoto, zunguka, ukifika la kulia umemaliza. Mtaani walimwita Fundi tu, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini.

Kisha kiharusi kikampiga. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akichechemea, mkono wa kushoto mzito, ulimi mwepesi kama zamani. Mwezi wa pili akalifungua tena duka lake la kunyolea. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka yote. Fundi akamnyoa, akampangusa shingo, akakung'uta kitambaa.

"Tayari, Mwalimu."

Mwalimu alijitazama kiooni. Upande wa kulia kichwa kiling'aa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa vilevile zilivyokuja.

"Tayari kabisa, Fundi?"

"Kabisa. Kwani umeona nini?"

Hakuwa anatania. Mwalimu akavaa kofia yake, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa mke wa Fundi. Jioni ile mke akafungia mashine, mikasi na wembe kabatini, ufunguo akautia mkobani.

"Utavipata siku utakayonyoa kichwa kizima bila mtu kukukumbusha."

"Kichwa cha nani?"

"Cha kaka yangu. Kikiharibika, hasara inabaki nyumbani."

Hospitalini, binti aliyemfanyisha mazoezi alimweleza kwamba macho yake ni mazima. Ubongo ndio uliosahau kuwa kuna kushoto. Fundi aliona anatukanwa. Mtu aliyepoteza kitu si hukitafuta? Yeye hakuwa anatafuta chochote. Kitu usichokiona hakiachi pengo.

Binti akamvalisha miwani mikubwa iliyomfunika nusu ya uso. Mara chumba kikatoweka, Fundi akawa amesimama dukani, mbele ya rafu ndefu, duka ambalo halikuwepo popote isipokuwa ndani ya miwani ile.

"Okota vikombe vyote, mzee."

Akaokota vitatu kwa mkono wa kulia. "Vimekwisha."

Binti akamvua miwani, akamwonyesha rafu ileile kwenye skrini. Upande wa kushoto vilibaki vikombe vitatu vyekundu, wazi kama meno. Fundi aliikumbuka kofia ya Mwalimu, na namna Mwalimu alivyomshukuru.

Tangu siku hiyo hakukosa zoezi hata moja. Binti aliweka mstari wa njano mwisho wa rafu, kushoto, akamwambia asiguse kitu kabla hajauona. Wiki mbili alisahau kila mara. Nyumbani, shemeji yake hakumwacha apumue.

"Leo umeokota vingapi?"

"Vinne."

"Basi mimi nitanyolewa mpaka hapa," shemeji alisema, akigusa kipaji cha uso. "Si haba."

"Wewe hata nikinyoa robo utapendeza kuliko ulivyo."

Siku moja, ndani ya miwani, Fundi alisimama mbele ya rafu bila kunyoosha mkono.

"Binti yangu, huu mstari wako ni sikio."

"Ni nini, mzee?"

"Sikio. Rafu ni kichwa. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo tusingechoshana."

Akageuza shingo taratibu hadi alipolipata sikio la kushoto, akazunguka hadi la kulia. Vikombe sita. Baadaye binti aliuondoa mstari, na Fundi akaendelea kulitafuta sikio lake mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. Mwezi wa nne, mshonaji mmoja aliyekuwa na maradhi kama yake alimuuliza wakiwa kwenye benchi la kusubiria, "Hii habari ya tafuta sikio, binti kaitoa wapi?"

Fundi akaweka sawa kola ya shati. "Kwangu."

Siku ya mtihani mke alifungua kabati, akaweka vifaa mezani, akasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Shemeji akakaa kitini.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Ndiyo maana mnatafuta vichwa vya watu."

"Tulia, nisikupunguze sikio."

Fundi alianza kushoto. Mkono mzito uliinamisha kichwa, mkono mwepesi ukafanya kazi. Alipofika sikio la kulia, alipangusa shingo na kuvua kitambaa. Shemeji akainuka, akageuka kumtazama dada yake.

Mke alikuwa amekwisha kukiona: kishungi kidogo nyuma ya sikio la kushoto, mahali panapofichwa na sikio lenyewe. Alibana midomo, vidole vikaubana ufunguo. Kumwonyesha kungekuwa kumnyang'anya ushindi.

Fundi alikuwa akikunja kitambaa. Akakikunja mara mbili, akasita. Akageuza shingo kushoto, taratibu, kama mbele ya rafu, akamtazama shemeji yake nyuma ya kichwa.

"Rudi ukae."

"Si umemaliza?"

"Nimemaliza kichwa. Sikio bado."

Alilikunja sikio kwa mkono wake mzito, akaondoa kile kishungi kwa wembe, polepole. Kisha mke akasogea, akapitisha kiganja kuzunguka kichwa cha kaka yake, sikio hadi sikio, asipate kitu. Akauweka ufunguo juu ya meza, upande wa kushoto wa mumewe, makusudi.

Fundi aliuchukua bila kuambiwa.

"Kesho," alisema, "nitampitia Mwalimu. Nina deni la nusu kichwa."