Kazi ya Kukaa Juani

Harufu ya kidonda kile bado iko puani mwangu. Watu wananiambia, bibi sahau, mtoto si amepona? Sisahau. Wote waliopita uani kwangu wakaziba pua na kuacha ushauri wao wa bure, majina yao ninayo kichwani, wao na baba zao. Siyaandiki hapa. Karatasi ni kitu safi.

Mjukuu wangu alizaliwa na ualbino. Mama yake aliniachia angali ananyonya, nikamkuza kwa maziwa ya ng'ombe na uji hapa hapa Babati, na sasa ni mwanamke mzima. Alipotafuta kazi aliipata Maisaka, kwa mfanyabiashara wa mbaazi. Yule baba na mkewe walikuwa wakijisifu kanisani kwamba wana huruma. Wenzake walipewa kubeba magunia. Yeye wakasema, masikini, ngozi yake laini, tumpe kazi ya kukaa. Basi akapewa kigoda pembeni ya maturubai, awafukuze kuku na mbuzi, na kuzigeuza mbaazi zikauke pande zote. Wale wa magunia walikuwa wakiingia ghalani kila mara, kwenye kivuli. Mwenye ngozi laini ndiye aliyeanikwa pamoja na mbaazi.

Nilienda kuuliza habari ya jua. Mke wa mfanyabiashara alicheka mpaka akashika ubavu.

"Bibi, jua gani hili? Huoni watu wamevaa masweta?"

Na kweli, mbaazi zikivunwa kwetu ni kipindi cha baridi na upepo, asubuhi mtu anaota jua kama mjusi. Mji mzima unaamini jua la baridi halichomi. Wakamnunulia kapelo, ile kofia yenye ukingo wa mbele tu, wakaona wamemaliza. Paji la uso likapata kivuli. Masikio yakabaki nje kama ya mbuzi.

Kidonda kilianzia juu ya sikio la kushoto. Kilikuwa kigamba tu, kinabanduka, kinarudi, kinatoa damu, kinakauka. Yule mke wa mfanyabiashara akaja na dawa yake, vidonge vya rangi mbili. Alivifungua kimoja kimoja, akamwaga ule unga wa njano juu ya kidonda kama anatia chumvi kwenye mboga. Watu wa hapa ndivyo wanavyotibu kila kitu, goti la mtoto, mgongo wa punda. Unga ukashikana na usaha na vumbi la mbaazi, ukawa gamba gumu. Yeye akasema, unaona, kimekauka. Jioni mtoto akirudi nalilainisha gamba kwa maji ya uvuguvugu, na chini yake kumeoza. Inzi walikuwa wanamfuata mpaka mlangoni. Nilikuwa nageuka pembeni kwanza, nameza mate, ndipo namwosha.

Lakini usaha haukunichefua kama kikombe. Pale kazini walimtengea kikombe cha bati, wakakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake, asije mtu akakosea akanywea. Usaha hauna akili. Uzi ule ulifungwa na mtu mwenye akili zake, anayesali.

Siku moja namsuka, kidole changu kikagusa kitu chini ya taya. Kilikuwa kidogo, kigumu kama mbaazi iliyokauka. Nikauliza, kinauma? Akasema hakiumi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Yule mama aliposikia akasema ni jino. Mzee jirani yetu akaja na wembe mfukoni, umefungwa kwenye gazeti.

"Tumchanje hapo, tupake majivu ya dawa. Kitashuka chenyewe."

"Huo wembe kanyolee ndevu zako, baba," nikamwambia, nikaita bajaji.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Aliniamkia, nikaitikia, akavaa glavu, akaliondoa lile gamba polepole, na pua yake hakuiziba. Akasema anaona ni saratani ya ngozi.

"Bibi, watu wenye ualbino wakiachwa juani wanaipata sana hii. Lakini kwa kawaida inakaa pale pale ilipoota. Tukiwahi tunaikata, inaisha. Ni mara chache inasafiri."

"Na ya huyu?"

Akarudi kugusa shingo. "Tuchukue kinyama hapa tukapime. Naogopa ya huyu imesafiri."

Majibu yakaja, imesafiri. Imefika kwenye tezi za shingo. Mara chache! Ugonjwa wenyewe ulikuwa mvivu wa kutembea. Wakaulea juani, wakaunenepesha kwa unga wa njano, mpaka ukaota miguu.

Tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko walimkata sikio, wakakata na zile tezi, baadaye wakampiga mionzi. Kilichobaki kujulikana ni kama umefika kifuani, maana ukifika huko, walituambia, kukata kote kule hakujasaidia. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri picha, na nasema kweli, sala haikutoka. Kilichokuwa kinanijia ni kile kikombe.

Kifua kikaonekana kisafi. Daktari wa huko akasema arudi apimwe na apimwe tena, na jua lisimguse. Njiani kurudi mtoto akajishika bandeji akaniambia, "Bibi, sasa umbea wa mjini nitausikia nusu." Nikacheka, nikalia, abiria wakatushangaa.

Mke wa mfanyabiashara alikuja kutoa pole mchana, jua la utosi. Alileta sukari, na mfuko wenye vitu vya mtoto alivyoviacha kazini, kapelo na kile kikombe, uzi wake ukiwa bado umefungwa. Nikamwekea kigoda katikati ya uwanja.

"Shikamoo bibi. Tumemkumbuka jamani! Kuku wanatumaliza. Akipata nguvu arudi, kazi yenyewe si ni kukaa tu?"

Mjukuu wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Akajibu yeye.

"Nitarudi, mama. Ila nikae ghalani nishone magunia."

"Mh. Ghalani wanaingia wateja, mwanangu. Unajua watu walivyo. Na hilo sikio..."

Akaanza kusogeza kigoda kuelekea ukutani, kwenye kivuli.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Jua la baridi hilo, halichomi."

Akakaa. Jasho likaanza kumtoka kwenye mdomo wa juu, akajifuta kwa kanga, akajifuta tena, mwisho akaniomba maji ya kunywa. Nikaenda mtungini, nikayachota maji safi, ya baridi, nikamletea kwa mikono miwili kama mgeni anavyostahili. Alinyoosha mkono, akauona uzi mwekundu, mkono ukabaki hewani.

"Kunywa, mama," mjukuu wangu akamwambia kutoka kivulini. "Kimeoshwa."

Hakunywa. Akaaga. Maji nikamwagia mche wa mpapai, na uzi nikaukata kwa meno, nikautema.