Mluzi kwenye Chumba cha Eksirei

Shuleni wananiita Bubu, maana hata kujibu "hapa!" mahudhurio yakiitwa huwa kazi kwangu.

Mwezi uliopita mbwa wetu alinaswa na mtego wa waya kando ya shamba letu la Misunkumilo. Mguu wa nyuma ukavimba, vidole vikawa vya baridi. Baba akasema, "Mbwa wa miguu mitatu hafukuzi nguruwe pori. Nammaliza kesho."

Daktari wa mifugo akamwomba asubiri. Kama damu bado inafika vidoleni, mguu utapona. Kama haifiki, basi. Mishipa ya mbwa yeye aliisoma chuoni kwenye michoro tu, akatamani kuiona kwa mbwa aliye hai. Rafiki yake wa eksirei hospitalini akakubali tumlete Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache.

Wachache gani! Benchi la nje lilijaa. "Nyie, na mbwa naye anapanga foleni?" mama mmoja akauliza, wakacheka wote. Nikainamia kandambili zangu.

Ndani walimchoma ganzi, wakapitisha mshipani mpira mwembamba wa kuingizia dawa, ile inayoonyesha njia ya damu kwenye picha. Walitaka miguu yote miwili ya nyuma, mzima na mbovu, walinganishe. Ila picha ikipigwa hakuna anayebaki kumshika, na mbwa alikuwa anafurukuta.

"Filamu ni hii moja," mpiga picha akasema. "Akitikisika, imeharibika."

Shambani, nguruwe wakikaribia, mimi humpigia mbwa mluzi mrefu na yeye hulala chapa, tumbo chini bila kutikisika, hadi nimpigie mfupi. Siri yetu wawili. Bibi hataki kusikia msichana anapiga mluzi. Anasema ni kuita nyoka.

Nikasimama mlangoni, benchi zima linanitazama, baba pembeni. Midomo ilikauka. Wa kwanza ulitoka upepo mtupu. Wa pili ukatoka.

Mbwa akalala chapa. Mashine ikalia.

Daktari aliinua filamu dirishani. Kwenye mguu mbovu mshipa mkubwa uliishia pale waya ulipobana. Lakini vimishipa vyembamba vilikuwa vimezunguka pembeni, vikakutana tena chini, hadi vidoleni.

"Inapita," baba akasema taratibu. "Kumbe inapita."

Tukarudi, baba anasukuma baiskeli, mbwa ndani ya tenga nyuma, mimi natembea kando. Tulipofika Kawajense, baba akasema:

"Bibi yako asisikie habari ya mluzi."

"Ndiyo, baba."

Akageuka kutazama tenga. "Na ule wa kumwinua, ukoje?"

Nikapiga mfupi. Kichwa kikachomoza tengani, masikio juu, na baba akacheka karibu aangushe baiskeli.