Kifuniko cha Sanduku la Saba

Kwa miaka kumi na miwili Engracia Taimanglo alilea nyoka wa kahawia hapa Guam, wale wanaotumiwa kufundishia mbwa kunusa nyoka waliojificha kwenye mizigo. Kila kifuniko cha sanduku alichokibana alikibonyeza mara ya pili. Siku ile alisahau sanduku la saba, maana mawazo yote yalikuwa kwenye matanga ya dada yake kisiwani Luta.

Alipohesabu mchana, nyoka mmoja hakuwepo. Na kapu lake la mikate ya matanga lilikaa wazi chini ya rafu asubuhi nzima. Sasa lilikuwa limeshapelekwa uwanja wa ndege, kupakiwa kwa safari ya Luta.

“Tan Engracia, nyamaza tu,” mwenzake kijana Kiko akamwambia, akimwita Tan kama wanavyoitwa mabibi wa hapa. “Atakuwa humu humu. Utaenda matangani mikono mitupu? Shemeji yako atakusema mpaka uzeeke.”

“Nimeshazeeka, mwanangu. Luta nyoka hawa hawajafika, ndege bado wanaimba. Hapa msituni wewe umewahi kusikia nini?”

Nyoka waliwamaliza ndege wa Guam kabla Kiko hajazaliwa.

Engracia akafanya ishara ya msalaba, akapiga simu kapu lizuiliwe. Mbwa aliyefundishwa kwa nyoka wa Engracia mwenyewe akalinusa, akaketi mbele ya kapu, ishara kwamba amepata nyoka. Chini ya mikate nyoka alikuwa amejikunja, mwembamba kama kamba ya kiatu. Mikate yote ikatupwa.

Jioni, huko Luta, shemeji akampokea mlangoni. “Umetuletea nini, Engracia?”

Akaogopa hata kulitaja jina la nyoka katika nyumba ile, wasije wakajua alivyokaribia kuwaletea.

“Sikuleta kitu,” akasema, akainamisha kichwa.