Miezi saba bila kazi, Probox yangu ikiwa juu ya matofali: nilivyomnyima mama mkubwa gari la harusi

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Ifakara. Sijaongeza chumvi, labda kidogo kwenye huzuni.

Nilikuwa kwenye mradi wa utafiti wa mbu kule Namawala. Mradi ukafika mwisho, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani na begi la nguo na Probox nyeupe.

Mwezi uliofuata bima ikaisha. Hela ya kukata nyingine sina.

Kuuza nilifikiria. Lakini kazi za field bonde hili lote, swali la pili baada ya jina lako ni: una usafiri? Niliona kuuza lile gari ni kama kukata mguu ili viatu vidumu.

Kuna afande wa trafiki anakaa mtaa wa nyuma. Nikamfuata kwake.

"Shikamoo afande. Gari likikaa uani bila bima ni kosa?"

"Marahaba. Uani kwako halinihusu. Tairi likikanyaga barabara, hata kama unalipeleka kwa fundi, hapo tutajuana."

Na ile ada ya mwaka? Akanikumbusha ilishafutwa, siku hizi tunailipia kwenye mafuta. Gari lisilokunywa mafuta halina linachodaiwa. (Kama gari lako ni la zamani, pita ofisi ya mapato uulize kama kuna deni la nyuma. Mimi nilipita, nikakuta niko safi.)

Basi nikalipaki nyuma ya nyumba, uso wake ukitazama milima ya Udzungwa. Betri nikaingiza ndani. Bomba la moshi nikaziba kwa tambara, maana wakati wa mavuno panya wa huku hawachagui kati ya mpunga na nyaya.

Asubuhi nyingine nilikuwa nakaa kwenye usukani bila kwenda popote. Umande kwenye kioo, jua linapanda, mimi nimeshika gia. Mke wangu akinikuta anauliza, "Leo tumefika wapi, dereva?"

Sasa sikilizeni.

Mwezi wa tano bila kazi akaja mama mkubwa. Huyu ndiye aliyenisomesha sekondari, sijawahi kumwambia hapana. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Mwanangu, kamati imeshapanga. Gari la maharusi ni lako."

"Mama, halina bima."

"Kutoka kanisani mpaka ukumbini ni pua na mdomo!"

"Mama, nikikamatwa..."

"Nani atamkamata bibi harusi? Lifute vumbi tu."

Akaaga huku anacheka. Kwake yalikuwa yameisha.

Usiku sikulala. Nikigonga mtu siku ile, namlipa na nini? Na gari likishikiliwa kituoni, nalitoaje? Lakini nilijijua pia. Akirudi mara ya pili, nitampa funguo.

Kulipokucha nikachukua jeki na matofali ya kuchoma. Nikang'oa matairi yote manne, nikayafungia stoo. Kisha nikampigia simu, nikamwambia ukweli.

"Sawa, mwanangu," akasema, akakata.

Ile "sawa" iliniuma kuliko tusi.

Siku ya harusi bibi harusi alikuja na bajaji iliyopambwa riboni, shela imejaa mpaka kwa dereva. Ukumbini MC hakuniacha: "Tumshukuru na kaka wa bibi harusi. Gari lake lilitamani kuja, ila halina miguu!"

Watu wakafa kwa kicheko. Mama mkubwa hakucheka. Hakunisemesha wiki nne.

Kisha nikaitwa intavyuu Mlimba. Shamba la miti upande wa Uchindile, wanataka ofisa wa field mwenye gari lake. Nikaenda kwa treni.

Meneja alikuwa mama mmoja mwenye buti za matope.

"Gari umeliacha wapi?"

Nilitaka kudanganya, wakuu. Mdomo ulishafunguka.

"Ifakara, mama. Lipo juu ya matofali. Bima imeisha na sina kazi, kwa hiyo haliingii barabarani."

Akaniangalia. "Wawili waliokutangulia wamekuja na magari. Nimewaomba bima, wote wakaanza kutafuta simu mifukoni." Akafunga faili. "Nakupa wiki moja. Nenda kalishushe."

Tumeuza gunia la mpunga. Meseji ya bima imeingia leo asubuhi, mchana huu nafunga nati. Mama mkubwa kasikia, kapiga simu: "Hongera. Ila bado nimekununia mpaka Jumapili." Jumapili ndiyo tumealikwa kwake chakula.

Nilichojifunza: kupaki gari si kushindwa. Lipaki ndani kwako, kwa amani, na kama moyo wako ni mwepisi kwa ndugu kama wangu, ng'oa matairi mapema.

Na wewe uliyewahi kulaza gari, ndugu uliwajibuje? Na je, la kwangu likigoma kuwaka, nianze kukagua wapi? Naomba mawazo, jeki iko mkononi.