Matroni Kwenye Baa ya Bintiye

Wanafunzi wa bweni la wasichana ndio walioanza kumwita Matroni. Majirani wakafuata, na mwisho hata ndugu zake wa tumbo moja wakasahau kumwita vingine. Alikuwa mwanamke wa kunusa. Akisimama mlangoni mwa bweni tu, alijua nani amekaanga yai kwa pasi na nani ameficha mkate chini ya godoro. Sasa amestaafu, lakini pua haijastaafu, na ole wake mgeni anayeingia kwake akiwa amevuta sigara njiani.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, na pombe ilimmaliza. Hili linasemwa wazi kwa sababu Matroni mwenyewe alilisema wazi. Hakuwaambia watu msibani kwamba ni presha wala malaria. Alimuuguza mpaka mwisho, akamzika, akabaki na binti mmoja wa darasa la nne, akamsomesha kwa mshahara wa bweni mpaka binti akawa keshia wa benki. Hapo mama wa watu akapumua.

Kisha binti akaacha benki. Hakufukuzwa. Aliacha kwa hiari yake na akili zake timamu, akavuka barabara, akaingia jengo la pili na kuanza kazi ya kuchanganya vinywaji katika baa ya kokteli, moja ya zile baa za ghorofani ambako mabosi hupitia wakitoka ofisini. Matroni alipopata habari alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye ngazi za duka, watu wakampita na mifuko yao. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," mashemeji walisema, wala hawakunong'ona. Walikuwa wamesema kile kile alichokiogopa. Mwaka mzima mama na mwana hawakuzungumza. Salamu zilipitia kwa mdogo wake Matroni, msusi mwenye mdomo kuliko redio, ambaye alizipamba wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Ni huyo msusi aliyechoka. "Dada, unamhukumu mtoto hujamwona. Twende ukamwone kwa macho yako."

"Twende," Matroni akasema. "Lakini nikiona pombe imepita kwenye koo lake, hata tone, usiniletee tena habari zake. Mimi nimeshazika mmoja."

Walikwenda jioni mapema, jua likiwa bado linawaka kwenye vioo vya majengo. Watu wenye vitambulisho shingoni walikuwa wakimiminika kutoka maofisini, kila mmoja akiongea na simu yake. Matroni alivaa viatu vya kazini, vile vya soli laini ambavyo wasichana wa bweni hawakuwahi kuvisikia vikija. Lifti iliwapandisha kimya kimya ikawashusha mbele ya dada wa mapokezi aliyependeza kuliko bibi harusi.

"Shikamooni mama zangu, karibuni. Mliweka nafasi?"

"Niliweka miaka ishirini na sita iliyopita," Matroni akajibu, akionyesha kaunta kwa kidevu. "Wodi ya wazazi. Nafasi yenyewe yule pale."

Dada wa mapokezi akatazama kaunta, akawapa meza.

Viti vilikuwa vya ngozi ya kijani, kaunta ya marumaru, na taa zimefifishwa kiasi cha kumfanya kila mtu aonekane amelala vizuri usiku uliopita. Matroni alipitisha kidole chini ya meza, akakitazama. Safi. Akanusa. Ndimu, maganda ya machungwa, majani ya mnanaa. Hilo lilimkera kidogo, kwa sababu alikuja amejiandaa kwa harufu nyingine. Msusi alikuwa ameshaishika orodha ya vinywaji na kuulizia kile chenye kimwavuli cha karatasi.

Binti aliwaona. Mkono wenye kopo la kutikisia vinywaji ukasimama hewani, kisha ukaendelea, maana mteja alikuwa anasubiri. Akainamisha kichwa kwa mbali, salamu ya mtu aliye kazini. Matroni akaanza ukaguzi. Amekonda? Hapana. Macho mekundu? Hapana. Mikono inatetemeka? Mikono ilikuwa imetulia tuli, ikimenya ganda la chungwa jembamba bila kukatika. Mambo yalikuwa yanamwendea binti vizuri kabisa.

Ndipo binti alipochovya mrija kwenye glasi ya mteja, akaziba tundu la juu kwa kidole, akauinua na kuutia mdomoni.

Matroni akasimama, mkoba mkononi. "Umeona mwenyewe," akamwambia mdogo wake. "Mbele za watu, bila hata haya."

"Dada, kaa chini. Anaonja tu. Mbona hata mimi mchuzi naonja?"

"Mchuzi haukuniacha mjane."

Msusi akaushika mkoba asiondoke. Lakini binti alishaona mama yake amesimama. Akamwomba mwenzake amshikie kaunta, akaja haraka akijifuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Mama mdogo."

"Marahaba, marahaba," msusi akaitikia upesi, kwa niaba ya wote wawili.

"Sitakuuliza kwa nini uliacha benki," Matroni akasema. "Nina swali moja tu. Unakunywa?"

Msusi akamkanyaga binti mguu na kumkodolea macho. Macho yalisema: sema hapana, mwanangu, sema hapana turudi nyumbani salama. Lilikuwa jibu jepesi, na kwa jioni ile lingetosha.

Binti akauondoa mguu wake. "Hapa kazini naonja na kutema, Mama. Kuna sinki pale chini ya kaunta. Nikimeza kila ninachoonja, sitaweza kusimama mpaka tufunge. Lakini siku ya mapumziko nikiwa na wenzangu, nakunywa. Glasi moja. Siku nyingine mbili. Najua umekuja kusikia hapana."

Msusi akafumba macho.

Matroni alimtazama binti usoni. Kisha akakaa, na machozi yakaanza kumtoka bila kelele.

"Baba yako," akasema, "siku nimemshika kichwa anatapika damu kwenye beseni, aliniapia hajagusa pombe. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Nilimuuliza kila jioni, miaka yote niliyoishi naye, na hakuniambia ndiyo hata mara moja."

Binti akachuchumaa kando ya kiti, akamshika mkono. Mteja mmoja aligeuka kutazama. Msusi akamgeuza kwa jicho moja tu.

"Naogopa, mwanangu," Matroni akasema. "Na nitaendelea kuogopa, nisikudanganye. Ila glasi zikifika tatu, niambie. Usimtume huyu mama yako mdogo. Niambie mimi mwenyewe."

"Nitakupigia simu, Mama."

"Nitapokea."